Pedali ya Boti ya Yaya Mwansa

Jumatatu, 2 Juni 1975

Baridi. Spana zinauma mikono mpaka jua lipande. Malori mawili ya mgodi yaliingia garajini leo, moja breki, jingine klachi. La klachi nimelimaliza. La breki linanisubiri kesho, na dereva wake ananisubiri kwa maneno.

Nyumbani nikakuta Ngalula anaosha samaki. Kifurushi kutoka Kasenga kimeletwa na lori la wachuuzi, kama kila mwezi. Samaki watano wa aina ya pale, wa chumvi, wanene. Kaka yangu mkubwa, yaya Mwansa, hajawahi kuruka mwezi.

Sikula. Nikasema tumbo. Ngalula akasema, "Tumbo yako inajua samaki ya Kasenga kwa jina." Ni kweli. Tangu Desemba nakula samaki wa soko lolote ila wa kaka yangu. Mke mwenye macho ni mzigo. Nimekula ugali wetu wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, nikaingia kulala na hasira isiyo na mwenyewe.

Jumanne, 3 Juni

Ndani ya kifurushi kulikuwa na barua. Nimeisoma leo, kwa kuwa jana niliogopa.

Binamu yetu Chola, aliyekuwa akivua na yaya, amevuka mto Luapula na kuoa ng'ambo, Zambia. Harudi. Yaya sasa anavua peke yake, na mkono wake wa kushoto hauwezi kuzungusha mpini wa mota. Kuna mchuuzi anayeitaka boti. Yaya amemwambia asubiri mpaka mwisho wa Julai. Ikishindikana atauza, akalinde bohari la samaki, awe mlinzi.

Yaya Mwansa mlinzi. Mtu aliyezaliwa na maji miguuni, akae kwenye kiti mbele ya kufuli.

Hakuniomba kitu.

Jumatano, 4 Juni

Niandike mara moja, nisirudie tena.

Desemba nilikuwa Kasenga kwa likizo. Mota ya boti ilikuwa inagoma. Nikafungua kifuniko, nikasafisha plagi, nikamwambia yaya ashike waya fulani kwa mkono wa kushoto. Akainama, akashika. Nikavuta kamba ya kuwashia. Kujaribu tu. Sikumwambia atoe mkono. Gurudumu la juu likamkamata vidole viwili.

Miaka kumi na tisa ya ufundi. Kitu cha kwanza mtu anachofundishwa garajini ni hiki: sema kwanza, ndipo uvute. Mimi mwenyewe nimewafundisha wengine.

Vidole vipo bado. Havikunjiki. Yaya alisema mota ndiyo mbaya, na mimi nikaiacha mota iwe mbaya. Sijamwomba msamaha. Miezi sita sasa. Naona aibu, na aibu yenyewe imenifanya nisiende hata kumtembelea.

Ijumaa, 6 Juni

Nimepata.

Nilikuwa nalitoa lori la breki uani, mikono yote miwili kwenye usukani, mguu kwenye pedali. Nikasimama palepale getini. Dereva wa nyuma alipiga honi mpaka akachoka.

Mota ya yaya ni ya mpini mmoja. Huo huo wa kuongozea ndio wa kuzungusha ili mafuta yaongezeke. Kuongoza anaweza, anausukuma kwa kigasha. Kuzungusha hawezi. Basi mafuta yahamie mguuni, kama lori. Mkono wa kulia ubaki kwa wavu. Mguu ufanye kazi, maana kwenye boti mguu umekaa bure.

Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kulifikiria. Najisifu kidogo. Hakuna anayesoma hapa.

Jumamosi, 7 Juni

Salongo asubuhi, kazi ya lazima ya usafi, mtaa mzima kwenye mifereji. Nilikuwa nachora boti kwenye vumbi kwa mpini wa fagio. Kiongozi wa mtaa akaja akasimama juu ya kichwa changu. "Citoyen Kunda, unafagia ao unachora?" Nikafagia. Nikaifagia hata boti.

Mchana nikaichora upya, kwenye karatasi.

Jumanne, 10 Juni

Msimamizi ameniruhusu kuchukua pedali kutoka rundo la chuma chakavu, ya lori lililokufa. Waya wa breki ya baiskeli ninao. Springi nimechagua mwenyewe, si ngumu, si legevu.

Nimefikiri sana kuhusu springi. Ukikanyaga, mota inaongeza. Ukitoa mguu, springi inarudisha, mota inapungua. Mtu akianguka majini, boti haimkimbii. Kwa mpini wa mkono si hivyo, unabaki pale ulipouacha. Kwa hiyo pedali ni salama kuliko kitu alichonacho. Nimeliandika hili ili nilisome nikipata wasiwasi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimejenga boti uani kwa benchi mbili na ubao. Mota sina, nimeweka kipande cha mti kikae kama mpini, na waya unakizungusha. Nilimkalisha Ngalula, nikamwambia akanyage. Mti ukazunguka. Akaachia, ukarudi. Vizuri kabisa.

Jirani zetu walikuja kuangalia boti ya mtaa wetu wa Bel-Air isiyo na maji. Waliuliza kama tunafika mpakani Kasumbalesa leo au kesho. Ngalula, naye, akawaambia wapande kabla haijajaa.

Walipoondoka hakucheka tena. Alikaa palepale kwenye ubao, mguu juu ya pedali. "Hii pedali iko ya mukono yake, ao iko ya roho yako?"

Nikamwambia yeye ni mtu wa Kasai, mambo ya mto hayajui. Jibu la kijinga. Mimi mwenyewe niliondoka Luapula nikiwa na miaka kumi na minne.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani sikusikia hata neno moja la padri. Niliona miguu ya yaya. Peku, yenye maji, juu ya chuma. Itateleza.

Jioni nimetia matone ya kuchomelea juu ya pedali, iwe na meno. Basi, haitelezi.

Halafu nikawaza wavu. Ukijizungusha pedalini ukaibana chini? Nimetengeneza kingo pande mbili, wavu usiingie.

Kila wasiwasi naupatia kipande cha chuma. Pedali sasa ni nzito kama sufuria ya msibani.

Jumatano, 18 Juni

Nilimwandikia yaya kuwa namtengenezea kitu cha mota; jibu limeletwa leo na dereva wa samaki. Mistari miwili. Lete. Utakachotengeneza kitafaa.

Basi. Hakuuliza ni nini hasa, kinakaa wapi, kinafungwaje. Mtu huyu huuliza hata chumvi imetoka kiwanda gani. Niliposoma niliona furaha, kisha furaha ikakauka. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 26 Juni

Juu ya lori tangu alfajiri. Magunia ya chumvi, mama wachuuzi wanne, mimi, na pedali ndani ya blanketi. Njia ya Kasenga ni mashimo yaliyounganishwa. Mama mmoja aliuliza nimebeba mtoto gani mgumu hivyo. Nikasema ni zawadi ya kaka yangu. Akasema kaka yangu ana bahati. Nikageuka upande wa vumbi.

Ijumaa, 27 Juni

Nimefika jana usiku nikalala kama gunia. Leo ndipo nimemwona vizuri.

Amekonda. Anasukuma mlango kwa kigasha. Anaiinua ndoo kwa kigasha, mshikio ukiwa kwenye kiwiko. Mkono wenyewe anauweka nyuma nikimtazama. Si kwa ajili yake, kwa ajili yangu. Naliona hilo, na linaniumiza kuliko kama angenitukana.

Nilimwonyesha pedali. Akaipapasa, akasema nzuri. Akauliza, "Utaifunga leo ao kesho?" Hakuna swali jingine. Nikasema kwanza niione boti inavyofanya kazi. Fundi hafungi kitu asichokisikia kikiunguruma.

Jumamosi, 28 Juni

Majini alfajiri. Yaya alinikalisha mbele, niangalie majani yasishike panga la mota. Nimempa mgongo asubuhi nzima.

Mota inaunguruma vizuri. Ila nilisikia kitu kibaya nyuma yangu. Du, du, du. Inanyamaza. Du, du, du tena. Bila kugeuka nikajua: vibano vinavyoshika mota kwenye boti vimelegea. Masikio ya miaka kumi na tisa. Tulipofika ukingoni nikavikaza mpaka mti ukalia. Yaya alinitazama tu. Tukarudi majini. Du, du, du.

Nimeweka ubao mpya chini ya vibano. Kesho ni siku ya Bwana, Jumatatu nafunga pedali.

Jumapili, 29 Juni

Mgeni siku mbili. Leo ni ya tatu, nimechanja kuni.

Mchuuzi anayeitaka boti amepita. Mtu mpole, kwa bahati mbaya. Ningependa awe mbaya. Alizunguka boti mara mbili, akagonga mbao kwa kidole, akaaga.

Yaya hakula jioni.

Jumatatu, 30 Juni

Sitaki kuandika ya leo. Naandika hata hivyo.

Nimefunga pedali asubuhi, kwa misumari minne ya nati, mbele ya mguu wa kulia. Waya ukavuta sawasawa. Safari hii nilikaa nikimtazama, nione kazi yangu.

Mwanzoni ilikuwa raha. Yaya alikanyaga, boti ikaenda. Akaachia, ikapungua. Akatabasamu. Nilijisikia mtu.

Akaanza kutega. Mota polepole, wavu unashuka kwa nusu duara. Kigasha cha kushoto kwenye mpini. Mkono wa kulia unaachia wavu. Mguu wa kushoto, niliuona sasa, unaikandamiza kamba ya wavu ubaoni isikimbie. Kisha akainua kisigino cha kulia apige ubao. Du, du, du. Ndicho nilichokuwa nakisikia. Zamani Chola alipiga maji kwa rungu ili samaki wakimbilie wavuni. Chola hayupo. Yaya anawafukuza samaki kwa kisigino.

Mguu haukukaa bure. Ndio mkono wake wa pili.

Kisigino kikashuka juu ya pedali. Boti ikaruka. Kamba ikachomoka chini ya mguu, ikajizungusha kwenye vile vidole viwili visivyokunjika, ikamvuta. Nilimwona anapiga magoti, kisha kifua juu ya ukingo, uso karibu na maji. Mguu wa kulia ukabaki umebanwa ndani ya zile kingo zangu, zile za kuzuia wavu, ukiikandamiza pedali chini. Springi haikusaidia kitu. Niliruka, nikang'oa mpira wa mafuta. Mota ikakohoa, ikazima. Nikamshika mshipi.

Tulikaa tukielea. Vidole vilikuwa na damu kidogo, vilevile viwili.

Yaya akapumua. Akasema, "Iko muzuri. Nitazoea tu."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyojichukia hapo.

Jumanne, 1 Julai

Sikulala vizuri. Nimeelewa kwa nini barua ilikuwa mistari miwili.

Alijua. Alijua tangu mwanzo kuwa mguu hauna nafasi. Siku nyingine angekikataa chombo, si mtu wa kukubali ovyo. Ila aliona mdogo wake hajakanyaga Kasenga miezi sita, hatumi hata salamu ndefu, na sasa anataka kuja, amebeba kitu. Akasema lete. Angekanyaga pedali hiyo mpaka imzamishe, ili mimi nirudi Lubumbashi roho yangu ikiwa nyepesi.

Ngalula aliliona kwenye benchi mbili. Maji usiyoyafika hujui kina chake, na mimi nilipima kina uani kwangu.

Asubuhi nilikwenda ukingoni na spana. Nimefungua nati zote nne. Yaya alikuja akanikuta na pedali mkononi. Alikasirika, kwa kweli alikasirika. Akasema nimesafiri siku nzima, haiwezekani nirudi nayo, yeye atabadili namna ya kupiga ubao. Nilimwacha amalize.

Halafu nikaiweka chini. Kwetu mdogo akimkosea mkubwa huchuchumaa, hupiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, taratibu, mpaka mkubwa amjibu kwa makofi yake. Asipojibu, jambo bado liko. Nilichuchumaa kwenye matope. Nina miaka arobaini na moja na tumbo. Nikapiga makofi. Nikasema ni mimi niliyevuta kamba. Nikasema sikumwambia atoe mkono, na mota haikuwa na kosa lolote.

Wanawake waliokuwa wanaparua samaki kando ya moto waligeuka kututazama.

Yaya akaniita kwa jina la ubatizo, lile tulilokatazwa na serikali. "Zozefu. Nilijua. Nilikuwa pale."

Kisha akajibu makofi. Mkono wa kushoto haukunjiki, kwa hiyo sauti yake ilitoka bapa, si ile niliyoizoea. Alipiga mara tatu. Akasema, "Kidole moja haiuwe chawa. Miye niko na munane ingine." Akaenda kuchukua mtungi wa mafuta.

Nililia kidogo. Nimesingizia moshi wa wale wanawake.

Jumatano, 2 Julai

Asubuhi nilimtazama anavyosukuma mlango kwa kigasha. Nilikuwa nimeutazama mlango ule siku tano.

Nimekata kijiti cha mti mgumu wa mulombwa, urefu wa shubiri moja na nusu. Nimekifunga kimlalo kwenye mpini wa mota, kwa kibano cha mpira wa radieta na ukanda wa chubu ya baiskeli. Ukikisukuma chini kwa kigasha, mpini unazunguka, mafuta yanaongezeka. Ukikiinua, yanapungua. Kigasha kilekile kinachoongoza.

Kazi ya muda wa kuchemsha chai. Pedali ilinichukua wiki tatu.

Yaya safari hii aliuliza. Kijiti kikilowa kitavimba? Kibano kitashika kutu? Kwa nini hapa na si hapa? Akasema ni kirefu mno, nikakipunguza kwa vidole viwili. Akasema sasa ni kifupi. Nikatengeneza kingine. Tumegombana mpaka mchana. Nimefurahi sana.

Ijumaa, 4 Julai

Siku mbili majini. Kijiti kinashika. Jana alikisahau, akajaribu kuzungusha kwa kiganja kama zamani, akajitukana. Leo hakusahau. Wavu mmoja ulichanika kwenye kisiki, si kosa la mtu.

Hajasema kama atauza au hatauza. Sikumuuliza. Akichoka, boti ni yake, na kiti cha mlinzi si dhambi. Nililazimisha mara moja, inatosha.

Jumapili, 6 Julai

Lubumbashi. Vumbi mpaka kwenye meno. Ngalula aliona blanketi bado lina kitu kizito ndani, hakuuliza. Nikamwambia yote. Nikamwambia pia kuwa lile neno la Kasai lilikuwa la kijinga. Akasema anajua.

Jumatatu, 7 Julai

Nimeirudisha pedali kwenye rundo la chuma. Msimamizi akauliza, haikufaa? Nikasema inafaa sana, kwa lori.

Alhamisi, 31 Julai

Baridi imepungua kidogo. Klachi moja, radieta moja, na gari la mkubwa fulani lisilo na ugonjwa ila dereva wake.

Kifurushi kutoka Kasenga kimefika. Hakuna barua. Nilimuuliza dereva wa samaki kama amemwona yaya Mwansa akilinda bohari. Akasema mtu yule atafute nini bohari, alikuwa mtoni na boti yake, ilibidi amsubiri.

Ngalula amepika pale mmoja kwa nyanya. Aliweka sombe upande wangu, kama kawaida. Nikaisogeza, nikavuta samaki. Akanisogezea bukari.

Nimekula mpaka kichwa.